Mwizi wa Boksi Chafu

SURA YA SITA

Mkuu wa kituo hakuwa hata amekaa vizuri kitini alipolitoa lile neno ambalo Sajenti alikuwa akiliogopa tangu asubuhi.

"Mpeleke mahakamani mchana huu. Funga jalada, tupumue."

"Afande, naomba nafasi kidogo. Sijaridhika bado."

"Wewe unaridhikaga lini?"

Askari wawili waliokuwa mlangoni wakacheka chinichini. Kituo kizima kilimwita Subiri, na yeye alijua, na aliyelianzisha jina hilo alikuwa mkuu huyuhuyu. Kesi ya mbuzi, subiri. Kesi ya baiskeli, subiri. Sasa kesi ya gari bovu ambalo haliwaki, nayo subiri!

"Una shahidi," mkuu akasema. "Una kidhibiti. Una mtu ndani. Unataka nini tena, gari lenyewe lije lijieleze?"

"Ningelipata hilo gari ningeridhika, afande."

"Basi lipate kabla ya mchana. Ukishindwa, yule kijana anapanda kizimbani, na mimi sitaki kusikia subiri nyingine."

Haya. Kesi yenyewe ukiitazama juujuu ilikuwa nyepesi. Juzi asubuhi mwalimu mmoja mstaafu, mama mjane, alikwenda kliniki kupimwa presha. Uani kwake aliacha gari dogo la milango miwili, la rangi ya samawati, gari la marehemu mumewe, la zamani kuliko Sajenti mwenyewe. Aliporudi hakukuwa na gari. Siku hiyohiyo halmashauri ilipanga kuja kulikagua, na kama lisingewaka, livutwe likapondwe. Jirani aliliona gari la halmashauri la kuvutia mabovu limesimama getini. Mwalimu mwenyewe alikutana nalo njiani akiwa anarudi, na ndani yake, mbele ya dereva kabisa, pameegemezwa kifuniko cha gurudumu la gari lake kinang'aa. Akapiga mayowe ya mwizi. Watu wakajaa, dereva akashushwa kwa kuvutwa shati.

Lakini gari liko wapi? Hapo ndipo kila kitu kilipomkwama Sajenti kooni. Kwenye uwanja wa halmashauri halikuwepo. Kwa wauza vyuma chakavu halikuwepo; aliwazungukia wote mpaka viatu vikaanza kumlalamikia. Gari zima limeyeyuka mchana kweupe, na kila anayemuuliza anamtazama kama yeye ndiye aliyelificha.

Alianzia mahabusu. Dereva alikuwa ameketi sakafuni, magoti yamekunjwa, mtu wa umri wa ujana, mikono mipana, mashavu hayajanyolewa.

"Nieleze tena," Sajenti akasema.

"Nimeeleza mpaka mdomo umekauka, afande. Nilitumwa nikasubiri getini, bosi afike anikute. Nikakuta geti wazi na uani hamna kitu. Nikampigia bosi, hakupokea."

"Bosi anasema hukumpigia."

"Atasemaje alinipuuza?"

"Na kifuniko?"

"Nilikiokota barabarani, hatua chache kutoka getini."

"Kwa nini hukukiacha? Kifuniko kimoja cha gari la zamani, wewe cha nini?"

"Nilikitambua. Nilikuwa nampelekea mwenyewe. Nilipomwona anakuja nikasimama, nikataka kushuka nimpe. Ndipo akaanza kupiga kelele."

"Ulimtambuaje mwenyewe?"

"Tunajuana. Yule mama ananijua mimi. Muulize."

"Nilimuuliza jana," Sajenti akasema, na hasira ikaanza kumpanda, maana hapa ndipo kijana huyu alipokuwa akimwangusha kila mara. "Anasema hajawahi kukuona maishani mwake."

Dereva akainua uso, akamtazama kama mtu aliyesukumwa asipotarajia.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Basi. Kama hanijui, hanijui."

Kutoka hapo hakuongea tena. Sajenti alibembeleza, akafoka, akabembeleza tena. Wapi! Mwongo aliyebanwa huongeza maneno, na huyu alikuwa ameyamaliza yake. Sajenti akatoka akiwa na kichwa kizito kuliko alichoingia nacho.

Kwa Mwalimu palikuwa kimya. Ua ulifagiwa, maua yamepangwa kwenye makopo, na katikati palibaki nafasi tupu ambayo macho hayakuweza kuikwepa. Jirani, mwanamke mwenye kanga mabegani na sauti ya kutangaza, alishafika kwenye uzio wake kabla Sajenti hajabisha hodi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Limepatikana?"

"Bado, mama. Jirani, hebu nisaidie. Uliliona lile gari la kuvuta likiwa linavuta?"

"Nililiona kwa macho yangu haya!"

"Likiwa linavuta gari la Mwalimu?"

"Likiwa limesimama."

"Na nyuma yake palifungwa nini?"

Jirani akashika kiuno. "Sasa wewe, gari la kuvuta limesimama kwa mtu, na gari la mtu halipo. Unataka nini tena?"

"Kwa hiyo hukuona gari likivutwa."

"Nilikuwa naosha vyombo!"

Sajenti akashusha pumzi. Shahidi wa mkuu wa kituo huyo hapo, amekwenda na maji ya vyombo. Akamwendea Mwalimu, aliyekuwa amesimama penye ile nafasi tupu na mikono yake nyuma, kama anayesimamia mtihani.

"Geti lilifungwa?"

"Kwa kufuli. Au nilisahau. Siku hizi nasahau, mwanangu."

"Kufuli halikuvunjwa. Ufunguo nani anajua unapokaa?"

"Sisi wa nyumbani tu. Mimi na shemeji yangu. Na shemeji ndiye aliyezunguka nami jana siku nzima tukilitafuta, maskini. Alilia kuliko mimi."

Sajenti akachuchumaa. Ardhi ilikuwa kavu, na nyayo za watu waliokuja kutoa pole zilishafuta kila alama. Jambo moja tu liliusumbua moyo wake: pale injini ilipokuwa, palikuwa na mraba mweupe wa udongo safi, usio na hata tone la mafuta.

"Gari lenyewe lilikuwa halivuji?"

Mwalimu karibu acheke. "Lisivuje? Gari lile lilikuwa linavuja hata likisimama limezimwa. Lakini halmashauri haitaki mafuta yaguse ardhi, kwa hiyo tunalitandikia boksi. Sisi wote wa chama cha magari ya zamani tunafanya hivyo. Boksi la friji, boksi la televisheni, ukiliona unaliomba. Likilowa unabadilisha."

"Na boksi lililokuwa hapa liko wapi?"

Mwalimu akatazama chini. "Ah. Labda limepeperushwa."

Boksi limelowa mafuta, zito, limekandamizwa ardhini, lipeperuke? Juzi hata jani halikutikisika. Sajenti akaenda kutazama kwenye pipa la taka, akatazama nyuma ya jiko, akachungulia hata kwa jirani, ambaye alikereka sana. Boksi halikuwepo. Akarudi kwenye ule mraba akasimama akijikuna kisogo. Mwizi gani anaiba gari halafu anarudi kuokota uchafu wake?

Njiani akapitia ofisi ya halmashauri. Afisa wa ukaguzi alikuwa na shati lililonyooshwa vizuri na meza isiyo na kitu juu yake.

"Gari lisilotembea haliruhusiwi kukaa uani kwenye makazi," akasema, kama anayehesabu. "Likae ndani ya banda lenye kuta na paa."

"Kwa nini Mwalimu hakujenga banda?"

"Aliomba kibali. Kiwanja chake ni kidogo, banda haliruhusiwi."

"Kwa hiyo gari haliruhusiwi bila banda, na banda haliruhusiwi."

"Ndiyo."

"Sasa angefanya nini?"

"Angeondoa gari."

"Alipeleke wapi?"

"Hilo si la idara yetu."

Sajenti akahisi meno yake yakisagana. "Juzi asubuhi dereva wako alikupigia simu?"

"Sikumbuki."

"Nionyeshe simu yako, tafadhali."

Afisa akaishika simu kama yai, akaipekua, masikio yakabadilika rangi. "Kumbe ilipigwa. Nilikuwa kwenye kikao. Nikaisahau kabisa."

"Na jana polisi walipokuuliza?"

"Nilikuwa nimesahau jana pia."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Sajenti alimshukuru, akatoka, akafunga mlango taratibu sana, maana angeufunga kama moyo ulivyotaka ungeng'oka. Kwa hiyo kijana alisema kweli kuhusu simu. Mwizi hampigii bosi wake kumwarifu kwamba uani hamna gari.

Alibaki shemeji. Hakuwa na lolote la kumshika nalo. Alikwenda kwa sababu ya ufunguo tu, na kwa sababu mchana ulikuwa unasogea na hakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Shemeji aliishi peke yake kwenye nyumba ya zamani mwisho wa mtaa wenye lami iliyobanduka. Hakuwepo. Sajenti akaketi barazani kumngoja, kwenye kochi.

Kwenye kochi. Akalitazama. Makochi yote yalikuwa nje barazani, makubwa na madogo, na meza ya kahawa, na kabati la vyombo likiwa limegeuziwa ukuta. Madirisha ya sebule yamefunikwa mapazia mpaka chini.

Pikapu ikaingia uani. Ilikuwa pikapu ya kawaida, si ya zamani. Shemeji akazima injini, akashuka, mzee mrefu mwenye kofia ya chama cha magari ya zamani, na kabla hajainua macho, kabla hajajua kama ana mgeni, alitoa boksi lililokunjwa nyuma ya kiti, akainama, akalisukuma kwa mguu chini ya injini. Mguu wenyewe ulijua njia. Ndipo akageuka.

"Oh! Afande. Karibu, karibu."

"Ahsante, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Samahani kwa vurugu hii, nyumba inapakwa rangi."

"Pikapu yako inavuja?"

"Hii? Hapana, mpya hii. Ina miaka michache tu."

"Na boksi la nini?"

Shemeji akalitazama boksi kama mtu aliyelikuta limetoka ardhini. "Mazoea tu," akasema. "Sisi wenye magari ya zamani, likisimama tu, mkono unatafuta boksi. Hata nikipanda gari la mtu."

Sajenti akainua pua. Alikuwa ananusa. Nyumba inayopakwa rangi inanuka rangi. Hii ilinuka mafuta ya injini. Akashuka barazani, akazunguka upande wa sebule. Chini ya dirisha kubwa, ukuta ulikuwa na lipu mpya. Akaweka kidole. Kidole kikatoka na saruji mbichi.

"Mzee," akaita, "mafundi wako wa rangi wanajenga pia?"

Shemeji akainama kulinyoosha boksi chini ya pikapu.

"Mwizi angelivuta gari akakimbia. Boksi lililolowa mafuta lingebaki pale chini, la nini kwake? Lakini mtu wa chama chenu hawezi kuliacha likichafua ua wa Mwalimu, na hawezi kulisimamisha gari popote bila kulitandikia. Mkono unatafuta. Wewe ndiye uliyesema. Fungua mlango."

Shemeji akavua kofia. Akatoa ufunguo mfukoni, akafungua.

Lilikuwa katikati ya sebule, chini ya taa ya kuning'inia, la samawati, limepanguswa vumbi. Picha za familia zilikuwa ukutani juu ya boneti. Gurudumu moja halikuwa na kifuniko. Na chini ya injini, juu ya vigae, lilitandikwa boksi la friji, chafu, limelowa.

"Nililivuta kwa pikapu mpaka hapa, nikavunja ukuta, nikalisukuma ndani na wenzangu wawili, jana usiku nikajenga tena," Shemeji akasema. Maneno yalimtoka haraka, kama yalikuwa yamebanwa. "Sheria inasema uani, afande. Haisemi sebuleni. Hapa lina kuta, lina paa. Wangelipondaponda gari la kaka yangu! Nilipanga nimwambie shemeji jioni. Nafika kwake, nakuta amekwishamkamata mtu."

"Na hukusema."

"Ningesema, wangelichukua."

"Jana ukazunguka naye siku nzima mkilitafuta. Ukalia."

"Machozi yalikuwa ya kweli."

"Mzee, kuna mtu amelala sakafuni siku mbili kwa ajili ya machozi yako hayo!" Sajenti alijisikia sauti ikipanda na hakuizuia. Alikuwa amezungushwa na jirani, amezungushwa na afisa, na sasa huyu, mtu mwenye mvi, anamwambia habari za kuta na paa. Akatoa simu. Kwanza alimpigia mkuu wa kituo, jalada lisitoke. Kisha akatuma askari akamlete Mwalimu.

Mwalimu alifika na mkoba wake wa kliniki. Alisimama mlangoni pa sebule muda mrefu. Kisha akaenda akaliwekea gari kiganja juu ya paa, akafumba macho, na Shemeji akaanza kutabasamu, maskini, kama mtoto anayengoja kusifiwa.

"Nimekuokolea, shemeji."

"Umeniokolea." Mwalimu akafumbua macho. "Yule kijana yuko wapi?"

"Mahabusu bado," Sajenti akasema. "Nimemtaka mkuu amwachie, lakini anataka gari lionekane. Na likionekana, halmashauri nao watalitaka. Watasema litoke humu leo, livutwe. Ukuta huu nao haukuwa na kibali."

"Nyamazeni tu," Shemeji akanong'ona. "Libaki humu. Afande, fumba jicho moja. Yule kijana atatoka siku zake zikifika, hawana gari la kumfungia."

Mwalimu akamgeukia. Aliyekuwa amesimama pale sasa hakuwa mama wa kusahausahau.

"Nilimnyooshea kidole mbele ya watu. Hiki hapa. Nikasema ndiye huyu, mwizi. Wakamvuta shati likachanika, nikatazama. Wewe ulikuwa unajua, shemeji, na ukaniacha." Akashusha mkono. "Toa ukuta wako."

"Shemeji, watalipondaponda."

"Toa ukuta."

Basi akatoa. Alilia huku akigonga nyundo, na saruji mbichi ilianguka vipande laini juu ya maua ya chini ya dirisha. Hakuna aliyemsaidia. Gari lilipoanza kuonekana kutoka nje, Sajenti akampigia tena mkuu, kijana akaachiwa, na halmashauri ikaarifiwa. Sajenti alimwambia kwamba wakimaliza atakwenda naye kituoni, na Shemeji akaitikia kwa kichwa bila kusimamisha nyundo.

Gari la halmashauri lilifika kabla hajamaliza. Kwa kuwa halmashauri ilikuwa na gari moja la kuvuta na dereva mmoja, aliyeshuka alikuwa yuleyule, ametoka mahabusu moja kwa moja hadi kazini, na shati lake lilelile lililochanika begani. Afisa hakuona sababu ya kumpa hata nusu siku. Sajenti alipomwona alitamani ardhi immeze.

"Mwanangu," Mwalimu akaanza, "nimekukosea sana. Sina hata..."

Dereva alimpita. Aliingia sebuleni kupitia ukuta uliobomoka, akalizunguka gari polepole, akasimama nyuma, upande wa kulia, na akaweka viganja vyake viwili juu ya buti. Vilikaa pale kama vilipimwa.

"Hapa ndipo pangu," akasema.

"Pako vipi?"

"Gari hili halikuwahi kuwaka bila kusukumwa, Mwalimu. Kila tukitoka shule tulikuwa tunalisukuma mpaka kwenye mteremko wa geti. Wewe unashika usukani, sisi tunasukuma. Mimi nilikuwa hapa, kulia. Mwaka mzima." Akafuta vumbi ambalo halikuwepo. "Nilimwambia afande kwamba unanijua."

Sajenti akatazama chini. Kumbe hilo ndilo alilopaswa kumbana nalo dereva, unamjuaje, na yeye alimuuliza Mwalimu kama anamjua tu, akapata jibu akaridhika. Subiri mzima, siku hiyo hakusubiri.

Mwalimu alisogea mpaka karibu kabisa. Alimtazama dereva usoni, paji, macho, kidevu, akatafuta, akarudi tena mwanzo. Mdomo ukajaribu jina, ukaliacha, ukajaribu jingine.

"Sikukumbuki," akasema. "Nikisema nakukumbuka nitakuwa nakudanganya, na nimekufanyia mabaya ya kutosha. Sikukumbuki, mwanangu."

"Najua," dereva akasema. "Tulikuwa wengi."

Akainama, akafunga mnyororo chini ya bampa, akauvuta kuujaribu. Akaliondoa boksi chafu, akalikunja, akalitupa nyuma ya gari lake. Kisha akafungua mlango wa lile la samawati na kuushikilia wazi.

"Ingia, Mwalimu," akasema. "Lazima mtu ashike usukani."